Rejeta Moto Juu, Baridi Chini: Jinsi Joto Linavyowekwa Akiba

Mtu aliyehamia Denmark kutoka kwetu hukutana na fumbo hili katika wiki zake za kwanza za baridi. Anagusa rejeta iliyofungwa ukutani chini ya dirisha (jina ni lilelile tunalolitumia kwa ile ya gari, na kazi inafanana: maji ya moto hupita ndani yake na kuachia joto hewani), na anakuta sehemu ya juu ina moto wa kutosha kumfanya aondoe kiganja, ilhali sehemu ya chini ni baridi kama ukuta wenyewe. Anahitimisha kwamba chombo kimeharibika, au kwamba mwenye nyumba anabania joto, na anafungua koki mpaka namba ya mwisho. Jirani akimwambia kwamba rejeta iliyo baridi chini ndiyo rejeta inayofanya kazi vizuri, anaona kama anatulizwa tu.

Jirani anasema kweli, na ukweli huo mdogo wa sebuleni ndio mlango wa kuingilia jambo kubwa ambalo watu wengi wanalisikia vipande vipande na kulichanganya. Habari zinasema kuna miji inachimba mashimo makubwa na kuyajaza maji ya moto wakati wa kiangazi ili iyatumie wakati wa baridi, kuna betri iliyotengenezwa kwa mchanga, na kuna saa ambazo bei ya umeme Ulaya inashuka chini ya sifuri. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko huko, wakiwamo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo na Burundi, na miongoni mwa jamaa wanaowapigia simu kutoka nyumbani, mambo haya huonekana kama visa vitatu visivyohusiana. Kwa kweli ni kisa kimoja, na kinaeleweka bila hesabu ngumu.

Joto la mtaa, kama tutakavyoliita hapa, ni mfumo ambao nyumba hazijipashi joto kila moja kwa chombo chake. Maji hupashwa mahali pamoja, husukumwa kwa pampu kupitia mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara, huingia katika kila jengo, huachia joto lake, kisha hurudi kwa bomba la pili yakiwa yamepoa ili yapashwe tena. Wadenmark huuita fjernvarme, yaani joto la mbali. Maji hayo si ya kunywa wala ya kuoga; yanafanya kazi ya mchukuzi tu, kama punda anayeshusha mzigo mlangoni na kurudi mtupu. Kwa kawaida hutoka yakiwa na nyuzijoto 70 hadi 80 na hutarajiwa kurudi yakiwa na 40 au chini ya hapo. Hifadhi ya joto ni chombo chochote kinachopokea joto sasa na kulitoa baadaye, na mfano wake uko katika kila nyumba ya kwetu: chupa ya chai. Unyumbufu wa nishati ndio msamiati mgeni kuliko yote, lakini maana yake ni nyepesi. Ni uwezo wa kusogeza saa ya kutumia nishati, mbele au nyuma, bila mtu yeyote kukosa alichokihitaji.

Watu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura wanaufahamu unyumbufu hata kama hawajawahi kuuita hivyo. Katika mtaa wenye mgao wa maji, bomba likianza kukohoa hewa saa nane usiku watu huamka, hujaza ndoo, mapipa na tangi la juu, kisha hurudi kulala. Hakuna anayehitaji kuoga saa nane usiku. Maji yanachukuliwa yanapopatikana na kutumika yanapohitajika, na kinachoziunganisha saa hizo mbili ni pipa. Ondoa pipa, na mtu atalazimika aidha kuoga usiku wa manane au kukaa bila kuoga. Nchi za kaskazini mwa Ulaya zimeanza kuufanyia umeme vivyo hivyo, na pipa lao ni joto.

Ili kuona kwa nini walichagua joto, inafaa tujue lilikokuwa likitoka. Mitambo inayochoma makaa ya mawe, gesi au kuni kuzalisha umeme hugeuza sehemu tu ya nishati ya mafuta yake kuwa umeme, mara nyingi karibu asilimia 40, na iliyobaki huwa joto ambalo vituo vingi duniani hulimwaga baharini, mtoni au hewani. Mama anayemaliza kusonga ugali kwenye jiko la mkaa hafanyi hivyo. Makaa yakiwa bado mekundu, huinjika sufuria ya maji ya kuoga, kwa sababu mkaa umeshanunuliwa na joto lake lipo. Miji ya Denmark ilijenga mfumo wake juu ya busara hiyohiyo: joto linalobaki baada ya kuzalisha umeme, pamoja na lile linalotokana na kuchoma taka, lisitupwe bali liingizwe kwenye mabomba.

Msukumo mkubwa ulitokana na dhiki. Mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei ghafla duniani, Denmark ilikuwa ikitegemea mafuta kutoka nje kwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake. Mwaka 1979 ilitunga sheria ya ugavi wa joto, ambayo ilizipa serikali za mitaa mamlaka ya kupanga maeneo gani yapate mabomba ya joto na yapi yapate gesi. Leo takriban theluthi mbili ya kaya za nchi hiyo zinapashwa kwa joto la mtaa, na katika jiji la Copenhagen ni karibu nyumba zote. Kuna kipengele kimoja cha utaratibu wao ambacho nadhani hakitajwi vya kutosha: kampuni ya joto hairuhusiwi kujitengenezea faida kama biashara nyingine, bei yake hutakiwa kufuata gharama halisi, na nyingi kati ya kampuni hizo ni mali ya serikali za mitaa au ni ushirika wa watumiaji wenyewe. Mwenye bomba moja tu la kuingiza joto nyumbani hawezi kuhamia kwa muuzaji mwingine, kwa hiyo bila ulinzi wa aina hiyo angekuwa mateka.

Kisha ukaja upepo. Zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Denmark sasa hutokana na mitambo ya upepo, na upepo hauna adabu ya saa. Huweza kuvuma kwa nguvu usiku wa Jumapili watu wamelala, na ukatulia Jumatatu jioni majiko yote yakiwa yamewashwa. Tatizo ni kwamba umeme katika gridi lazima ulingane na matumizi kila sekunde. Ukizidi, mitambo huanza kuzunguka kasi kupita kiasi. Ukipungua, huzidiwa na kupunguza mwendo. Na mizani ikivunjika kabisa, nchi nzima huweza kuingia gizani. Kwa hiyo umeme mwingi si neema wakati wote. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka Machi 2024, mvua zilipokuwa nyingi na bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha, ambapo vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Wengi waliuliza jinsi nchi inavyoweza kuwa na umeme uliozidi huku baadhi ya vijiji havina hata taa. Jibu ni kwamba umeme uliozidi kwa saa fulani, bila nyaya za kuufikisha mahali na bila pipa la kuuhifadhi, hauna pa kwenda.

Katika soko la umeme la Ulaya ziada hiyo huonekana kama bei hasi. Watu husikia maneno hayo wakadhani kwamba mwananchi wa kawaida analipwa kwa kuwasha pasi. Bei inayoshuka chini ya sifuri ni ile ya jumla, baina ya wazalishaji na wanunuzi wakubwa, na hutokea pale ambapo kuzima mtambo kwa saa chache kunamgharimu mzalishaji zaidi kuliko kumlipa mtu auchukue umeme wake. Mwenye nyumba bado analipia kodi na ada ya nyaya, hivyo kwa kawaida bili yake hushuka lakini haigeuki zawadi. Kwa kampuni ya joto yenye tangi kubwa, hata hivyo, saa hizo ni kama usiku wa bomba kukohoa hewa. Inawasha hita kubwa za umeme na pampu za joto, inajaza tangi, na kesho upepo ukitulia inazima mitambo na kuwapa wateja maji ya jana.

Pampu ya joto inastahili maelezo mafupi, maana inadhaniwa kuwa hita ya kawaida yenye jina jipya. Weka mkono nyuma ya friji yako na utahisi hewa ya moto. Hilo ni joto lililotolewa kwenye vyakula vilivyo ndani na kutupwa jikoni. Friji haitengenezi joto hilo, inalihamisha tu. Pampu ya joto hufanya kazi ileile, ila kinachopozwa ni bahari, mto au hewa ya nje, na kinachopashwa ni maji ya mtaa. Kwa sababu inahamisha badala ya kutengeneza, uniti moja ya umeme (yaani kilowati-saa moja) huweza kuleta takriban uniti tatu za joto. Katika mji wa bandari wa Esbjerg, magharibi mwa Denmark, pampu za aina hiyo zenye uwezo wa takriban megawati 70 hunyonya joto kutoka Bahari ya Kaskazini, maji ambayo mtu wa Tanga asingeyaingia hata kwa fimbo, na zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kituo cha makaa ya mawe kilichofungwa.

Sasa tuliangalie pipa lenyewe. Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza, na ni swali la haki, ni hili: maji ya moto si yatapoa? Chai kwenye kikombe hupoa ndani ya robo saa. Lakini fikiria sufuria la pilau la harusini, lile linalobebwa na vijana wawili. Linaepuliwa saa sita mchana, linafunikwa, na saa kumi wageni waliochelewa bado wanapakuliwa pilau linalotoa moshi. Moto ulikuwa uleule na hewa ni ileile. Kilichotofautiana ni ukubwa. Joto hutorokea kwenye uso wa chombo, lakini hukaa katika ujazo wake, na chombo kikiongezwa vipimo vyake vyote mara mbili, uso huongezeka mara nne huku ujazo ukiongezeka mara nane. Kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kila lita ndani yake inavyokuwa na mlango mdogo wa kutorokea. Tangi la nyumbani hutunza joto kwa siku moja au mbili. Shimo la ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira huweza kulitunza kwa miezi.

Na mashimo hayo yapo kweli. Marstal, katika kisiwa cha Ærø nchini Denmark, kuna shimo la mita za ujazo 75,000 lililoanza kutumika mwaka 2012. Dronninglund, katika machimbo ya kokoto yaliyoachwa, lilijengwa la mita za ujazo karibu 60,000 mwaka 2014, na vipimo vya miaka yake ya mwanzo vilionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya joto lililoingizwa lilirudi kwa watumiaji. Mwaka 2015 mji mdogo wa Vojens ukachimba la mita za ujazo takriban 200,000. Ujenzi wake hauna maajabu. Udongo hufukuliwa na kurundikwa pembeni kuwa kingo, shimo hutandikwa karatasi nene ya plastiki iliyochomelewa viungo vyake, linajazwa maji yaliyosafishwa, kisha juu ya maji huelea mfuniko mpana wenye tabaka za kuzuia joto. Kazi yote ngumu iko kwenye mfuniko. Mvua ikituama juu yake huulemea, unyevu ukiingia kwenye tabaka zake hupoteza uwezo wa kuzuia joto, na mifuniko ya mashimo ya mwanzo ilisumbua kiasi cha kuhitaji kubadilishwa. Plastiki ya chini nayo huzeeka haraka maji yakikaa muda mrefu karibu na nyuzijoto 90, ndiyo maana wahandisi hawathubutu kuyachemsha.

Joto la Vojens hutoka hasa juani, na hapa kuna mkanganyiko mwingine. Uwanja wa mabamba ulio kando ya shimo, wenye ukubwa wa takriban mita za mraba 70,000, hauzalishi umeme. Mabamba hayo ni mabomba yaliyolazwa chini ya vioo, ndugu wa hita za jua zilizo juu ya mapaa ya hoteli za pwani, na kazi yake ni kupasha maji moja kwa moja. Huko kiangazi mchana huwa mrefu kupindukia na hakuna anayehitaji rejeta, kwa hiyo joto la Juni na Julai huingia shimoni na kuanza kutumika vuli inapoingia. Kwa njia hiyo jua hutosheleza karibu nusu ya mahitaji ya joto ya mji huo kwa mwaka. Kwa nchi iliyo mbali kaskazini namna ile, ambako Desemba jua huchomoza kwa saa saba tu, mimi naliona jambo hili kuwa miongoni mwa kazi nzuri za uhandisi wa zama zetu.

Tunaweza sasa kurudi kwenye rejeta. Kupasha lita 1,000 za maji kwa nyuzijoto moja tu kunahitaji takriban uniti 1.16. Pipa la kawaida la lita 200, likipashwa kutoka nyuzijoto 25 hadi 85, hubeba karibu uniti 14, kiasi kinachokaribiana na betri kubwa ya sola ya nyumbani. Na pipa ni chuma au plastiki na maji tu. Lakini angalia kwamba hesabu haitaji joto peke yake, inataja tofauti ya joto. Shimo la mita za ujazo 200,000 likitoa maji ya nyuzijoto 85 na kurudishiwa ya 35, tofauti ni 50 na akiba yake ni zaidi ya uniti milioni 11. Shimo hilohilo likirudishiwa maji ya nyuzijoto 55, kwa sababu wapangaji wamefungua koki mpaka mwisho na maji yanakimbia kwenye rejeta bila kuachia joto lake, akiba hushuka hadi uniti milioni 7. Hakuna aliyepunguza shimo. Sehemu yake imejazwa uvuguvugu ambao haumfaidi mtu.

Hiyo ndiyo sababu ya chini ya rejeta kutakiwa kuwa baridi: ni ushahidi kwamba maji yameshusha mzigo wote kabla ya kurudi. Kampuni nyingi za joto za Denmark humtoza ada ya ziada mteja anayerudisha maji yakiwa ya moto mno na kumpunguzia anayeyarudisha yakiwa yamepoa. Mgeni asiyejua hilo hulipa kwa kufungua rejeta moja mpaka namba 5 na kuzima nyingine zote, akidhani anabana matumizi. Ile moja inazidiwa, maji yanapita mbio, na yanarudi na joto lake. Afadhali kufungua rejeta zote za chumba kwa kiasi kidogo kinacholingana, ili kila moja ipate muda wa kuyanyonya maji.

Ndani ya tangi pia ubaridi na umoto lazima vikae mbalimbali. Yeyote aliyewahi kupasha maji ya kuoga kwa hita ya kuchovya kwenye ndoo anajua kwamba juu huchemka huku chini kukiwa bado baridi, mpaka akoroge. Maji ya moto ni mepesi na hukaa juu. Kwenye ndoo hilo ni kero, lakini kwenye ghala la joto ndilo linalotegemewa: maji ya moto huingizwa na kuchotwa juu, ya baridi huingizwa na kuchotwa chini, polepole, kupitia midomo mipana inayozuia msukosuko, ili ghala moja lifanye kazi ya maghala mawili bila ukuta katikati. Ukikoroga tangi lenye nusu ya nyuzijoto 85 na nusu ya 35, hupotezi hata uniti moja, lakini unabaki na maji ya nyuzijoto 60 ambayo hayatoshi kwa usiku wa barafu. Kiasi ni kilekile, manufaa yameondoka.

Jambo hilo linafungua dhana potofu ambayo naiona mara nyingi kuliko zote, kwamba hifadhi ya joto ni betri ya umeme ya bei nafuu. Kuugeuza umeme kuwa joto ni rahisi na hakuna kinachopotea. Safari ya kurudi ni jambo lingine kabisa. Kutoka kwenye maji ya nyuzijoto 85, hata mashine kamilifu isiyo na msuguano wowote isingeweza kupata umeme zaidi ya takriban moja ya tano ya joto hilo, na mashine halisi hupata pungufu ya hapo. Sheria hiyo ni ya maumbile na haiondolewi kwa ufundi. Kwa hiyo shimo la Vojens haliwezi kuwasha taa. Linachoweza ni kuzuia umeme usihitajike kwa ajili ya joto saa ambayo taa zinauhitaji. Betri za umeme zinabaki kuwa na kazi yake kwa sekunde, dakika na saa chache. Kwa kiasi kikubwa na muda mrefu, maji kwenye shimo ni nafuu mara nyingi sana kwa kila uniti inayotunzwa.

Ile betri ya mchanga iliyovuma kwenye habari iko Finland, na nayo ni ghala la joto. Ya kwanza ya kibiashara ilianza kazi Kankaanpää mwaka 2022, na kubwa zaidi ikafuata Pornainen mwaka 2025: mnara wa urefu wa mita 13 na upana wa mita 15, wenye tani karibu 2,000 za mawe laini yaliyopondwa, mabaki ya kiwanda cha majiko ya mawe, na uwezo wa kutunza uniti 100,000. Kilo moja ya mchanga hubeba takriban moja ya tano tu ya joto linalobebwa na kilo ya maji kwa kila nyuzijoto. Ubora wake ni kwamba hauchemki. Maji hukoma karibu na 100, ilhali mchanga hupelekwa hadi mamia ya nyuzijoto, na kwa hiyo mnara mdogo unatosha mahali ambapo hakuna nafasi ya bwawa, au ambapo kiwanda kinahitaji mvuke.

Lakini ghala lililo karibu zaidi na mtu, na lisiloonekana kabisa, ni jengo analoishi. Zege, matofali na sakafu vina uzito wa mamia ya tani, na vikishapata joto haviliachii upesi. Waliokulia katika nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja wanalijua hili kwa ngozi zao: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hubaki na ubaridi wa usiku mpaka mchana umeenda, na mtu akiegemea ukuta wa magharibi baada ya Magharibi anakuta bado una joto la jua lililokwisha kuzama. Huko Göteborg nchini Sweden lilifanyika jaribio katika majengo matano ya ghorofa ya kupangisha, ambamo joto lilipunguzwa kwa saa kadhaa na kuongezwa kwa saa nyingine kwa makusudi. Ilibainika kwamba jengo zito la zege linaweza kukopesha na kulipwa joto la kiasi cha uniti 0.1 kwa kila mita ya mraba ya sakafu huku hali ya ndani ikiyumba kwa nadra sana zaidi ya nusu nyuzijoto. Nusu nyuzijoto mtu haihisi. Akifungua dirisha kidogo kutoa harufu ya samaki, mabadiliko huwa makubwa kuliko hayo.

Manufaa yanaonekana asubuhi. Saa kumi na mbili hadi saa mbili mji mzima huoga, na kampuni hulazimika kuwasha mitambo ya akiba, ambayo mara nyingi ndiyo ghali na michafu kuliko yote, kwa ajili ya saa hizo chache tu. Majengo yakipashwa kidogo zaidi kuanzia saa tisa usiku na kuachwa yajitegemee wakati wa msongamano, mitambo hiyo hubaki imezimwa. Wapo wanaoogopa kwamba unyumbufu maana yake ni kampuni kuwazimia wazee joto ili kuokoa fedha, na hofu hiyo haifai kudharauliwa. Jengo jepesi la mbao, au la zamani lenye nyufa, hupoa haraka na halifai kukopwa namna hiyo. Mpango wowote wa aina hii lazima uanze kwa kupima ndani ya nyumba, si kiwandani, na mpangaji lazima awe na uwezo wa kukataa.

Kuna mipaka mingine. Mabomba ni ghali na yanalipa pale tu nyumba zinapokuwa karibu karibu. Kijiji chenye nyumba zilizotawanyika hakiwezi kumudu, na huko kila nyumba hufungiwa pampu yake ya joto. Na si kila ghala hudumu. Katika mtaa wa Drake Landing huko Okotoks, Kanada, nyumba 52 zilitumia kwa miaka mingi joto la jua lililotunzwa ardhini kupitia visima 144 vyembamba vya kina cha mita 37, na katika msimu mmoja jua lilitosheleza mahitaji yote ya kupasha nyumba hizo. Mwaka 2024 mfumo ulifungwa kwa sababu vifaa vyake vilikuwa vimechakaa na vipuri vyake vilikuwa vigumu kupatikana. Sayansi yake ilikuwa sahihi. Ulikuwa mdogo na wa pekee kiasi kwamba hakukuwa na soko la kuutunza.

Msomaji wa Pwani atauliza haya yote yanamhusu nini, na sitadai kwamba Mombasa inahitaji rejeta. Hata hivyo, ubaridi huhifadhiwa kama joto linavyohifadhiwa, na katika nchi za Ghuba, ambako wapo Waswahili kwa vizazi, jambo hilo ni la kila siku. Mitaa ya Dubai, Doha na sehemu za Maskati hupozwa kwa maji baridi yanayosukumwa kutoka kituo kimoja kwenda kwenye majengo mengi, yakitoka na nyuzijoto zipatazo 5 na kurudi na zipatazo 13. Vituo vingi vina matangi yanayojazwa ubaridi usiku, hewa ikiwa imepungua ukali na umeme una nafasi, kisha yanamwagwa kuanzia adhuhuri jua linapokuwa utosini. Nchini Kenya zimekuwapo saa za usiku ambapo mvuke wa Olkaria huachiwa uende hewani kwa sababu nchi imelala na hakuna wa kuutumia, na tangu Desemba 2017 viwanda vimekuwa vikipewa bei nafuu ya umeme katika saa zisizo za msongamano ili visogeze kazi zake. Jirani na mitambo hiyo, Naivasha, shamba la maua la Oserian lilianza kupasha vitalu vyake kwa joto la ardhini zaidi ya miaka 20 iliyopita, ili unyevu wa usiku usilete ukungu kwenye mawaridi.

Nasi tunalo ghala la ubaridi ambalo wavuvi hawajawahi kuliona kama teknolojia. Kugandisha kilo moja ya maji ambayo tayari yako kwenye sifuri huweka akiba sawa na kuyapoza maji hayohayo kutoka takriban nyuzijoto 80 hadi sifuri, na ndiyo maana boksi moja la barafu huwahifadhi samaki kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam bila waya wowote. Mashine ya barafu haijali inafanya kazi saa ngapi, ilimradi barafu iwepo alfajiri mashua zinaporudi. Inaweza kugandisha mchana kwa sola, au usiku kwa umeme uliokosa mtumiaji.